Mahindi ya Uani

Mwenye shamba pana husamehewa mengi na ardhi yake: akikosea kipimo upande mmoja hufidiwa upande wa pili, na mbegu iliyoangamia huku haionekani mbele ya ile iliyostawi kule. Mwenye uwanja wa hatua chache nyuma ya nyumba hana msamaha huo. Kila shubiri ya udongo wake ina dai lake, kila mche una jirani, na kila tendo la jembe lake hupata jawabu mbele ya macho yake kabla ya mvua za msimu kwisha. Kwa sababu hiyo nimeamini tangu zamani kuwa uwanja mdogo humfundisha mkulima mambo ambayo shamba kubwa humficha. Na katika mimea yote inayoweza kumpa mtu adabu ya kuishi mahali pa dhiki, sijaona unaoupita mhindi, ambao ukipandwa mbali na wenziwe hukosa punje kwa upweke, na ukisongwa na wenziwe kupita kadiri hukosa punje kwa njaa. Kiasi kilicho baina ya hali hizo mbili ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kama nilivyokipokea kwa bibi yangu mzaa mama katika mji wa Tanga, na kama nilivyokikuta tena ukubwani katika vitabu na katika vinywa vya mabwana shamba.

Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, mtaa ambao barabara zake hujulikana kwa nambari, nayo ilijengwa kwa mtindo wa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kuumeni na kushotoni, na ua nyuma wenye jiko, kisima na choo. Baina ya jiko na ukuta palibaki kipande cha ardhi tupu, pima mbili kwa pima mbili, yaani kiasi cha mita tatu na nusu kila upande, ambacho wengine wangekiachia kuku au wangekitundikia kamba za nguo. Bibi yangu alikuwa mzaliwa wa Bonde, upande wa Muheza, katika ukoo wa wakulima, na ndoa ndiyo iliyomleta mjini. Lakini mji haukumtoa katika ukulima, kwani hakuweza kuitazama ardhi inayopata jua tangu asubuhi hadi alasiri, ikakaa bila kazi, pasipo moyo wake kusononeka.

Mwaka 1974 ndio uliokipa kipande kile thamani yake kamili. Mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, akiba ya chakula ya nchi ilikuwa imepungua, na serikali ikatoa mwito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, mwito ambao haukuwahusu watu wa vijijini peke yao, bali ulimtaka kila mwenye mikono, mjini na shamba, apande chakula popote palipo na udongo. Waliokuwa na akili zao siku zile watakumbuka foleni za unga madukani, na sembe ya njano kutoka ng'ambo ambayo watu waliibandika jina la Yanga kwa ajili ya rangi yake. Watakumbuka pia jinsi mji ulivyogeuka kijani mvua ziliporejea: mihindi kando ya njia, mihindi mbele ya maduka, mihindi katika viwanja ambavyo nyumba zake hazijainuliwa. Watu walipanda kwa bidii ya kweli. Lakini bidii peke yake haina kipimo, na mavuno hayakulingana na jasho. Mimi, niliyekuwa mtoto wa kuteka maji na kufukuza kunguru, nilijaliwa kuona katika nyua tatu zilizopakana namna tatu za kupanda, na matokeo matatu mbalimbali, na darasa lile halijanitoka.

Bibi alipima kwa mwili wake. Dhiraa yake ilikuwa tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na shubiri yake tangu ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vipimo ambavyo watu wa pwani walivitumia katika nguo na mbao kabla ya rula kuenea. Mstari hata mstari aliweka dhiraa moja na nusu, apate kupita na jembe la palizi bila ya kuvunja majani. Shimo hata shimo aliweka shubiri moja wakati wa masika, na shubiri moja na nusu wakati wa vuli, kwa kuwa vuli ni mvua isiyoaminika, na mimea inayogawana maji machache sharti iwe michache. Kwa kipimo cha masika kipande chetu kilichukua mistari 6, na kila mstari mashimo 16, hata jumla ikawa mihindi 96. Hakuufanya mstari mmoja mrefu ukazunguka ua, wala hakuigawa mistari hiyo katika pembe mbalimbali. Aliikusanya yote pamoja katika mraba mmoja, akaifukia yote siku moja, mvua ya kwanza ya kweli ilipokwisha kuulowesha udongo hadi kiasi cha shubiri.

Nilimwuliza kwa nini asifuate ukuta, sisi watoto tukabakiwa na nafasi ya kuchezea katikati.

"Mjukuu wangu," akanijibu, "mhindi haujizalii peke yake. Wa huku huupa wa kule, na wa kule huupa wa huku. Ukiipanga kama watu wa foleni ya unga, upepo utapita ubavuni, uchukue kila kitu, uende nacho baharini."

Ukweli wa maneno hayo ulidhihirika katika ua wa upande wa machweo, alikokaa mwalimu mstaafu, mtu mwenye nidhamu na mwenye kupenda kila kitu kiwe na nafasi yake. Yeye alipanda majuma mawili baada yetu, mstari mmoja tu kufuata ukuta wake wa mbali, kila mche hatua nzima kutoka kwa mwenzake, kwa kuamini kuwa mmea uliopewa wasaa mkubwa utamlipa mavuno makubwa. Kwa kutazama hapakuwa na mihindi mizuri kuliko yake katika mtaa mzima: mabua manene, majani mapana ya kijani iliyokoza, na baadhi yake yalibeba masuke mawili mawili. Lakini alipoyamenya maganda ya yale yaliyotangulia kukomaa, gunzi lilionekana wazi, punje moja hapa, tatu kule, na baina yake mapengo. Akaituhumu mbegu, na mbegu haikuwa na hatia yoyote.

Mhindi hubeba maua ya kiume na ya kike katika bua moja, lakini huyatenga. Ya kiume ni mbelewele zilizo kileleni. Ya kike yamo katika suke lililo ubavuni, na zile ndevu zitokazo katika ncha yake si pambo, kwani kila unywele mmoja umeungana na mahali pa punje moja. Chavua, ambayo ni ule unga wa manjano wa mbelewele, ikiangukia unywele huota na kushuka ndani yake mpaka chini, na baada ya kiasi cha siku moja punje hutungwa; unywele usiopata chavua huacha mahali pake patupu. Mbelewele moja hutoa chembe za chavua kwa mamilioni, hata mtu angedhani kuwa upungufu hauwezekani. Lakini chavua ya mhindi ni nzito kwa kitu kinachotegemea upepo. Sehemu yake kubwa huanguka mita chache tu kutoka ilikotoka, uhai wake ni mfupi katika jua kali, na humwagwa zaidi asubuhi, umande unapokwisha kukauka. Tena aghalabu mbelewele hutangulia ndevu za bua lile lile, kwa hiyo suke hutegemea zaidi chavua ya majirani kuliko ya bua lililolibeba.

Basi katika mraba, upepo ukitoka upande wowote hupita juu ya mbelewele kabla ya kuzifikia ndevu, na kinachopotea kwa mmoja hupokewa na mwingine. Katika mstari mmoja, upepo ukiukata kwa ubavu, chavua yote huenda kuangukia mahali pasipo na mhindi. Mahindi ya pwani yaliyopandwa Machi hutoa mbelewele mwezi wa Mei, wakati kusi imekwisha kushika. Na ukuta wa mwalimu ulilala mashariki kwa magharibi, hata kusi ikaupiga mstari wake ubavuni kila kukicha. Mahindi yetu, ambayo yangeweza kumsaidia, yalikuwa yamekwisha kumwaga chavua yake kabla ndevu za mwalimu hazijachomoza.

Bibi alimwendea kwa adabu iliyostahili elimu yake. Alibisha hodi, akakaribishwa kwa jina la Bi Mkubwa, akaketi, akauliza hali ya watu wa nyumbani na ya waliosafiri, na baada ya hayo yote ndipo akasema: "Mwalimu, msimu ujao ikusanye pamoja. Na hii iliyochelewa, itikise asubuhi jua likisha kupanda, au kata mbelewele moja uipukutishe juu ya ndevu za wenziwe." Mwalimu hakuona haya kufundishwa na mwanamke asiyejua kusoma. Aliitikisa iliyobaki, na masuke yake ya mwisho yakajaa kuliko ya kwanza. Na vuli iliyofuata akapanda mraba wa mistari minne, akavuna katika nusu ya nafasi kitu kizidicho mavuno ya ukuta mzima. Tangu hapo nimewaona watu wengi wakiyalaumu maduka ya mbegu na udongo kwa magunzi yenye mapengo, na kila nikipewa nafasi ya kutazama, aghalabu nimekuta mstari mmoja mrefu, uzuri wa macho, wenye kufuata ua.

Ua wa upande wa kusini ulikuwa wa ndugu wawili, vijana wachapa kazi wa bandarini, ambao walipata mbegu yao katika punje zilizomwagika magunia ya msaada yalipopakuliwa, nazo zilikuwa punje za njano. Wao walishika njia iliyo kinyume na ya mwalimu. Waliona kuwa nafasi ni ndogo na haja ni kubwa, wakahesabu kuwa punje nyingi zitaleta masuke mengi. Wakatia punje tatu au nne katika kila shimo, shimo hata shimo hapakuzidi kiganja, wala hawakung'oa hata mche mmoja. Kwa majuma ya kwanza ua wao ulipendeza kuliko wetu, zulia zito la kijani lisiloonyesha udongo. Kisha kila mche, ukiitafuta nuru juu ya kichwa cha mwenzake, ukarefuka kuliko ulivyonenepa. Majani ya chini yakageuka manjano na kukauka, kwa kuwa mmea unaokosa naitrojeni huiondoa katika majani yake ya zamani kuyalisha machanga. Na kusi ilipokaza, mabua yale membamba yakalala chini kwa mafungu.

Lakini hasara kubwa haikuwa katika yaliyoanguka, ilikuwa katika yaliyosimama. Mhindi ukipata dhiki ya maji, ya chakula au ya nuru, hutanguliza mbelewele zake na kuyakawiza masuke: ua la kiume hutoka kwa wakati wake, na ndevu huchelewa siku nyingi, au hazitoki kabisa. Zikichelewa sana, chavua ya uwanja mzima huwa imekwisha, na ndevu hupevuka mahali pasipo na kitu cha kupokea. Hivyo ndivyo mraba uliojaa mbelewele, uliotikiswa na kila upepo, ulivyoweza kutoa magunzi matupu kuliko hata mstari wa mwalimu. Wale vijana walikuwa na majirani tele kwa mihindi yao, na kila jirani alikuwa mwenye njaa asiye na kitu cha kumpa mwenziwe kwa wakati wa kufaa.

Nami niliyaona hayo baada ya kushuhudia katika ua wetu tendo ambalo kwa utoto wangu nililihesabu kuwa dhuluma. Bibi naye alitia punje mbili katika kila shimo, kwa kuwa kunguru, mchwa na panya wana sehemu yao. Lakini miche ilipofikia majani manne au matano, alisubiri jioni ya siku ya mvua, udongo ukiwa laini, akapita mstari kwa mstari, akitazama miche miwili ya kila shimo, akiukanyagia udongo mmoja kwa vidole ili mizizi yake isitikisike, na kuung'oa wa pili. Ilikuwa miche mizima, isiyo na ugonjwa, ambayo mimi mwenyewe niliitekea maji.

"Bibi, mbona unang'oa iliyo hai?"

"Nisipoing'oa hii leo, kiu itaiua yote mwezi ujao," akasema. "Nimeialika miwili kwa sababu ya hadhari. Sasa hadhari imekwisha, na chakula nilicho nacho ni cha mmoja."

Miche ile haikutupwa. Mbuzi wa jirani waliila usiku ule ule, na samadi yao ikaturudia kabla ya palizi ya pili. Nimekutana baadaye na wakulima wengi hodari wa kuchimba, hodari wa kupalilia, wasiochoka kubeba maji, ambao kazi hii moja iliwashinda, kwa sababu moyo wa mtu huona kitu alichonacho kuwa faida na huchelewa kuona mzigo uliomo ndani yake. Kupunguza miche ni tendo la huruma linalofanana na ukatili kwa siku chache tu. Na mwenye kuliepuka hauokoi mche wowote, huahirisha kifo na kukieneza kwa wote.

Ukaribu wa mashimo yake Bibi aliulipia. Mwezi mmoja kabla ya masika alichimbua kipande kile kwa kina cha dhiraa, akachanganya samadi iliyooza, majivu ya jikoni kwa kiasi, na majani ya mwembe yaliyokuwa yamelala shimoni mwaka mzima. Mihindi ilipofika kimo cha magoti, wakati ambao huanza kudai chakula kwa pupa, aliizungushia samadi tena na kuipandishia udongo shinani, ili ile mizizi inayochomoza juu ya ardhi ipate mahali pa kushika dhidi ya kusi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yalikuwa haki ya mihindi, na hakuna aliyethubutu kuyamwaga kwingine. Kingoni alipanda kunde, ambazo mizizi yake, kwa msaada wa bakteria waishio ndani ya vinundu vyake, huichukua naitrojeni ya hewani. Na maboga aliyaacha yatambae nje ya mraba, yafunike udongo na kuuzuia usikauke. Baadaye nilisoma kwamba wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walipanda mahindi, maharage na maboga pamoja tangu kale kwa sababu zile zile, na nikafurahi kuona jinsi akili za watu walio mbali hukutana zinapoutazama mmea mmoja kwa makini.

Masika yale, tulipoanza kumenya mahindi yetu, tulikuta jambo la ajabu: mbegu yetu ilikuwa nyeupe tupu, na masuke ya upande wa kusini yalikuwa na punje za njano zilizotapakaa miongoni mwa nyeupe. Shangazi yangu alidhani ni maradhi. Bibi akacheka kwa furaha, akasema, "Hizi zina baba upande wa pili wa ukuta." Na ndivyo ilivyokuwa. Mihindi ya wale vijana, iliyoshindwa kujizalia, ilikuwa imemwaga chavua yake yote katika kusi, nayo ikavuka ukuta ikatua katika ndevu zetu zilizokuwa tayari. Kwa kuwa kila punje hutungwa kwa chembe yake ya chavua, punje za suke moja huweza kuwa na mama mmoja na baba wengi. Na rangi ya njano, tofauti na sifa nyingine nyingi za mimea, huonekana katika punje msimu ule ule pasipo kungoja kizazi kifuatacho. Bibi alichagua mbegu ya vuli katikati ya mraba, katika masuke meupe tupu. Na kikapu cha kwanza cha mahindi mabichi, yenye punje za rangi mbili, alikipeleka kwa vijana wale, akisema kuwa si zawadi, ni haki yao, kwa kuwa wao nao wamechangia.

Ukubwani nilipata kusikia elimu ya mabwana shamba, nikaziweka hesabu zao kando ya dhiraa na shubiri. Ushauri uliozoeleka katika nchi yetu kwa mashina ya mmoja mmoja ni sentimita 75 baina ya mistari na 30 baina ya mashina, ambao hutoa mihindi 44,444 katika hekta. Kipimo cha Bibi cha vuli, kikienezwa katika hekta, hukaribia 42,000, na hapo hawatofautiani kwa jambo la kutajwa. Kipimo chake cha masika hufikia 64,000, na mtu angeweza kusema kuwa alizidisha. Lakini alikuwa na kisima, alikuwa na samadi, na katika mihindi yake 96, 40 ilisimama kingoni ikipata nuru ya ubavuni ambayo mihindi ya katikati ya shamba kubwa haiipati. Kiasi chake kilitokana na hali ya mahali pake, na mwenye uwanja mkavu usio na samadi asingekuwa na haki ya kukifuata.

Mbegu nayo ina sehemu yake katika kiasi hicho. Mahindi ya Katumani, yaliyopata jina katika kituo cha utafiti kilicho karibu na Machakos, ni mafupi na huwahi kukomaa, kwa hiyo huvumilia jirani wa karibu kuliko yale marefu ya nyanda za juu. Marekani nako, mzalishaji mbegu Donald Duvick, aliyefanya kazi miaka mingi katika jimbo la Iowa, alilinganisha mbegu chotara za zamani na za sasa, akaonyesha kuwa mhindi mmoja uliopewa nafasi tele hauzai sana kuliko ulivyozaa zamani. Kilichoongezeka ni uvumilivu wake wa kusongamana. Katika miaka ya 1930 wakulima wa kule walipanda kiasi cha mihindi 30,000 katika hekta, na mwanzoni mwa karne hii wakafikia zaidi ya 70,000. Yaani wingi wa mavuno uliokuja kustaajabisha dunia ulipatikana, kwa sehemu kubwa, kwa kuufundisha mmea kukaa karibu na wenziwe bila ya kukata tamaa ya kuzaa, na kwa kuulisha sawasawa na ukaribu huo.

Lipo jambo moja katika tarikhi ya mmea huu ambalo nililisoma mwisho, na ambalo limenithibitishia yote. Mhindi ulitokana na nyasi ya Mexico iitwayo teosinte, ambayo suke lake lina punje chache tu, kiasi cha tano hadi kumi na mbili, kila moja ndani ya ganda gumu, nazo zikiiva hujitawanya zenyewe ardhini. Watu wa bonde la mto Balsas walianza kuibadili kiasi cha miaka 9,000 iliyopita, wakiteua na kuteua, mpaka punje zikawa mamia katika gunzi moja, zimeshikamana, zimefunikwa maganda, zisiweze kudondoka. Tangu hapo mhindi hauwezi kujipanda. Suke likianguka lenyewe na mvua ikalinyea, punje zote huota mahali pamoja, mamia ya miche katika nafasi ya mche mmoja, na husongana mpaka hakuna unaobaki kuzaa. Pasipo mkono wa mtu wa kuzitenga punje, mhindi ungetoweka. Na pasipo mkono huo huo wa kuzikusanya katika mraba, magunzi yangebaki na mapengo. Kutenga na kukusanya kwa kiasi ndiyo amana tuliyopewa juu ya mmea huu, nayo ni kazi ya akili na insafu kabla ya kuwa kazi ya jembe.

Hayo niliyoyaona uani yameniongoza katika mambo yasiyo ya jembe. Nimeishi katika nyumba za watu wengi, nimefanya kazi katika ofisi ndogo zenye meza nyingi, nimeona miji yetu ikijaa watu waliokaa ukuta kwa ukuta. Na kila mahali nimesikia watu wakibishana kama ukaribu ni neema au ni balaa, kana kwamba ukaribu una tabia yake yenyewe. Hauna. Ukaribu ni ahadi ambayo mwenye kuwakaribisha wengine hujifunga nayo. Mzazi anayewalaza watoto katika chumba kimoja, mwenye nyumba anayeongeza wapangaji, mkuu wa shule anayeongeza wanafunzi darasani, mpangaji wa mji anayekata viwanja vidogo, kila mmoja wao amepanda kwa kukaribisha, na kila mmoja anadaiwa maji, nuru na chakula kwa hesabu ya aliowakaribisha. Akilipa, wale waliokaribiana watajazana kila mmoja mapengo ya mwenziwe, na atapata kwao kitu ambacho watu waliotawanyika mbalimbali hawawezi kukitoa. Asipolipa, asishangae wakirefuka bila ya kunenepa, wala asiwalaumu kwa kuwania nuru.

Sidai kuwa uwanja wa pima mbili utaishibisha nyumba mwaka mzima. Mihindi 96, hata kila bua likizaa suke jema, haifiki kilo 15 za punje kavu, na nyumba yenye watu hula kiasi hicho cha sembe katika siku chache. Ndiyo maana Bibi hakungoja yakauke. Yalichumwa mabichi, yakachomwa na kupakwa chumvi na ndimu, au yakachemshwa, au yakapukuchuliwa na kupikwa kwa kunde na tui la nazi, na kila ua uliopakana nasi ulipata sehemu yake. Faida ya bustani ndogo ni chakula kibichi kisichotoka dukani, na watoto wanaojua chakula kinatoka wapi.

Basi anayetaka kupanda mahindi katika nafasi ndogo, na aulize kwanza kama sheria ndogo za mji wake zinaruhusu mazao marefu karibu na nyumba, kwani pako mahali ambapo hazikuruhusu. Kisha na apande mraba wenye mistari isiyopungua minne, siku moja, mbegu ya aina moja. Na atie punje mbili kwa hadhari na kubakiza mche mmoja kwa ujasiri. Na aitikise mihindi asubuhi mbelewele zinapofunguka. Lakini kabla ya yote hayo na asimame mbele ya udongo wake mtupu, ahesabu samadi aliyonayo, maji anayoweza kuteka, na saa za jua zinazofika pale, na hesabu hiyo ndiyo imwambie shubiri ngapi za kuacha baina ya shimo na shimo. Akiona kuwa alicho nacho kinatosha mihindi 40, na apande 40, ajue kuwa 40 iliyoshiba itamlisha kuliko 100 yenye njaa.